Tembo Halelewi na Mtu Mmoja: Kitabu cha Daphne Sheldrick kwa Jicho la Sayansi

Ukisoma mambo ya wanyamapori chuoni, jiandae. Ndugu, majirani, hata dereva wa bodaboda watakuuliza swali lile lile: "Hivi nikimkuta mtoto wa swala ameachwa porini, naweza kumchukua nikamlea?" Swali hili limeongezeka tangu simu zetu zijae video za watu wanaowanywesha maziwa watoto wa simba, nyani na tembo kwa chupa. Video ni tamu, dakika moja imekwisha, kila mtu anacheka. Kinachotokea miaka kumi baadaye hakionyeshwi.

Kwa hiyo leo tunachukua kitabu cha familia iliyofanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, tena hapo jirani tu, Tsavo, upande wa pili wa mpaka kutoka Mkomazi yetu. Ni Love, Life, and Elephants: An African Love Story cha Daphne Sheldrick, kilichotoka mwaka 2012. Ni kumbukumbu za maisha yake, na Kiingereza chake ni chepesi. Mtu aliyemaliza sekondari atakisoma bila shida.

Niseme msimamo wangu mapema ili usome ukijua tunakoelekea. Jina la kitabu linakuuzia hadithi ya mapenzi. Ushahidi ulio ndani ya kitabu hicho hicho unasema kitu kingine, na ukiniuliza mimi, kitu kikubwa zaidi: mapenzi ya mlezi mmoja yanaweza kumuua ndama. Kinachomponya ni familia, tena familia ambayo siku moja ataweza kuiacha.

Familia yenyewe

Daphne alizaliwa Kenya mwaka 1934 katika familia ya walowezi wa Kizungu. Mnyama yatima wa kwanza aliyemlea alikuwa pongo, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto mdogo. Pongo akakua, akarudi porini, mtoto akabaki na maumivu. Kaka yake, Peter Jenkins, alikuja kuwa mhifadhi wa Hifadhi ya Meru. Daphne aliolewa kwanza na Bill Woodley, aliyekuwa mhifadhi msaidizi Tsavo, na baadaye na David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Hifadhi ya Tsavo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1948. Binti zake wawili, Jill na Angela, walikulia hapo kwenye nyumba ambayo tembo, faru, nyati, digidigi na nguchiro walihesabika kama sehemu ya kaya.

David alifariki mwaka 1977. Mwaka huo huo taasisi yenye jina lake ilianzishwa, na Daphne akaendelea na kazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi mpaka alipofariki mwaka 2018. Leo Angela ndiye anayeiongoza. Tembo yatima waliopita mikononi mwao ni zaidi ya 300, na wengi wao sasa wanaishi porini na wamezaa.

Sehemu za nyumbani ndizo ninazozipenda zaidi kitabuni. Unaona jinsi mtoto anavyokua katika nyumba ya namna hiyo: anajifunza mapema kwamba hawa "ndugu" zake wataondoka, na kwamba kuondoka kwao ndiyo furaha ya nyumba. Mtoto wa kawaida anayefuga mbuzi anajua mbuzi ni wake. Mtoto wa nyumba ile alijua hakuna mnyama aliye wake. Hilo si somo dogo, na watu wengi wazima wenye duma kwenye ua wa nyumba hawajalipata hadi leo.

Lakini hapo hapo nina lalamiko. Jill na Angela tunawaona kwa macho ya mama yao tu. Walihisije kugawana mama na ndama anayetaka maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana? Kitabu hakikai hapo. Kwa kitabu kinachozungumzia malezi, ni pengo.

Kulea mimba si kazi

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwa tembo mimba yenyewe ni miezi 22, na bado methali inasimama. Ndama huzaliwa na uzito wa takriban kilo 100, na kwa miaka miwili ya mwanzo hawezi kuishi bila maziwa. Tembo wa kwanza waliolelewa Tsavo, Samson na Fatuma, hawakuwa wachanga wa kunyonya. Waliokuja wakiwa wachanga walikufa, mmoja baada ya mwingine. Wakipewa maziwa ya ng'ombe waliharisha, wakadhoofika, basi.

Kwa nini? Kitabu kinakupa hadithi ya kujaribu na kukosa kwa miaka mingi, mpaka Daphne akagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayofaa kuchukua nafasi ya mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Anachokueleza kidogo tu ni kemia yake, kwa hiyo hebu tuifanye sisi.

Mafuta ya maziwa hayafanani kati ya mnyama na mnyama. Yamejengwa kwa asidi za mafuta zenye minyororo ya kaboni, mingine mifupi, mingine mirefu. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yana kwa wingi asidi zenye minyororo mirefu, kama ya palmitiki yenye kaboni 16. Mafuta ya maziwa ya tembo yametawaliwa na minyororo ya wastani: asidi ya kapriki yenye kaboni 10 na ya lauriki yenye kaboni 12. Sasa fungua kabati lako la jikoni. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Kile kile kinachopika wali wetu wa pwani ndicho kilicho karibu zaidi na maziwa ya mama tembo kuliko ng'ombe yeyote. Minyororo ya wastani humeng'enywa kwa urahisi zaidi, na utumbo wa ndama umeumbwa kuitarajia.

Hapa kitabu kinastahili sifa bila masharti. Huyu hakuwa na maabara wala shahada ya biokemia. Alikuwa na ndama wanaokufa, daftari, na ukaidi. Ila kama mtu wa sayansi nakereka na kitu kimoja: hesabu. Walifika ndama wangapi wachanga kabla ya mafuta ya nazi, na wangapi baada? Wakiwa na umri gani? Walikufa kwa kuharisha, kwa homa ya mapafu, au walifika wakiwa wameshaisha? Vifo vimesimuliwa kwa uchungu wa kweli, lakini jedwali hutalikuta. Ukitaka kurudia kazi hiyo mahali pengine, uchungu pekee hautoshi.

Aisha

Sura inayomhusu Aisha ndiyo moyo wa kitabu. Aliletwa akiwa na siku chache tu. Yeye ndiye mchanga aliyemfundisha Daphne siri ya mafuta ya nazi: alikunywa, akanenepa, akamfuata mlezi wake kila alipokwenda. Baada ya miezi kadhaa Jill akawa anaolewa Nairobi, na mama akaenda kwenye harusi ya mwanae kwa wiki kama mbili. Aisha akakataa kula. Daphne aliporudi alimkuta amebaki mifupa, na akafia mikononi mwake.

Soma sura hiyo polepole. Maziwa yalikuwa yale yale. Mtu wa kuyatoa alikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja. Ndama alikuwa ameambiwa, kwa vitendo vya kila saa, kwamba dunia nzima ni mwanamke huyu, na dunia ikaondoka.

Daphne hajifichi. Anasema wazi kosa lilikuwa wapi, na kazi yote iliyofuata ilijengwa juu ya kaburi hilo. Walezi wakawa wengi. Wanalala na ndama kwenye zizi, lakini kwa zamu, ili asishikamane na mmoja. Mablanketi yanatundikwa ili ndama auegemeze mkonga wake wakati wa kunywa maziwa, kama anavyougusa mwili wa mama yake. Mchana wanachungwa pamoja, wadogo na wakubwa, ili wajifunze kwa wenzao. Hata kula kinyesi cha wakubwa kuna maana: ndama hupata bakteria wa kumeng'enya majani.

Sayansi iliyokuja baadaye inaunga mkono mabadiliko hayo. Mwaka 2022 Jenna Parker na wenzake walichapisha utafiti wa tembo yatima wanaoishi porini kule Samburu, kaskazini mwa Kenya. Walikusanya kinyesi na kupima humo homoni za msongo. Yatima waliokuwa na wenzao wengi wa rika lao katika kundi walikuwa na viwango vya chini vya homoni hizo. Yaani mtoto wa tembo anahitaji mama, sawa, lakini akimkosa, watoto wenzake ni dawa. Aisha hakuwa nao. Alikuwa na Daphne tu.

Ndiyo maana jina la kitabu linanisumbua. "Hadithi ya mapenzi" ndicho kitu kilichomwangusha Aisha. Kilichowaokoa waliomfuata ni zamu, ratiba, rika na ukoo wa kuunga. Hicho hakiuziki kwenye jalada, lakini ndicho kilichofanya kazi.

Asiyefunzwa na mamaye

Baada ya maziwa na faraja kuna elimu. Kitabu kinamfuata Eleanor, jike aliyeletwa Tsavo akiwa mdogo na kukua pale. Miaka ikapita, akawa mama wa kulea: kila yatima mpya alipofika, Eleanor alimpokea, akamlinda, akamwonyesha cha kula. Mwishoni aliondoka na kuishi na tembo wa porini. Daphne anasimulia hayo kama hadithi ya mhusika mwenye moyo mkubwa. Mimi nilisoma kama maelezo ya taasisi: Eleanor alikuwa shule.

Ili uone thamani ya shule hiyo, tuhame kidogo twende Afrika Kusini, ambako jambo la kinyume lilifanyika bila mtu kukusudia. Kwa miaka mingi Hifadhi ya Kruger ilipunguza tembo kwa kuwaua, na baadhi ya watoto waliosalia walihamishiwa hifadhi nyingine, ikiwemo Pilanesberg. Walikwenda wadogo peke yao, bila wazee. Miaka ikapita, wale madume wakabalehe. Kati ya 1992 na 1997 waliwaua faru weupe zaidi ya 40.

Chanzo kilikuwa nini? Dume la tembo likikomaa huingia kipindi kiitwacho masti, ambapo homoni za kiume hupanda sana na ukali huongezeka. Kwa kawaida vijana hawakai humo muda mrefu, kwa sababu wakikutana na dume mkubwa aliye masti, yao huzimika. Pilanesberg hapakuwa na dume mkubwa wa kuwazima. Mwaka 1998 wakaletwa madume wakubwa sita kutoka Kruger, na mauaji ya faru yakakoma. Rob Slotow na wenzake waliandika matokeo hayo kwenye jarida la Nature mwaka 2000. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawa hata ulimwengu wa kuwafunza hawakuwa nao.

Kuna na hili la mwaka 2013. Graeme Shannon, Karen McComb na wenzao waliwachezea tembo sauti za tembo wengine kwa spika, Amboseli na Pilanesberg. Wa Amboseli, ambao familia zao zilibaki na wazee, walitofautisha sauti ya jirani na ya mgeni, ya mzee na ya kijana. Wa Pilanesberg walichanganya. Miongo ilikuwa imeshapita tangu wahamishwe, lakini kilichokatika hakikujirudi chenyewe.

Kitabu cha Sheldrick hakifanyi ulinganisho huu, na ni hasara, kwa sababu ungekipa nguvu. Tofauti kati ya Tsavo na Pilanesberg haikuwa upendo. Watoto wa Pilanesberg hawakukosa chakula wala ulinzi. Walikosa wakubwa.

Tembo amenihurumia, au mimi ndiye nasema?

Sasa tufike kwenye ugomvi mkubwa kati ya kitabu hiki na watu wa maabara. Daphne anawasoma tembo kama binadamu: wanahuzunika, wanasamehe, wanakumbuka, wanataniana. Kuna tukio la mwaka 1994. Akiwa Tsavo alimwona jike akaamini ni Eleanor. Akamwita, jike akaja, wakawa karibu kabisa. Ghafla akamrusha kwa mkonga juu ya mawe, mguu ukavunjika vibaya. Hakuwa Eleanor. Alikuwa tembo mwingine wa porini. Akiwa ameanguka pale chini, jike yule alimgusa kwa utaratibu na hakumkanyaga. Daphne anaeleza kwamba tembo alikuwa anajaribu kumsaidia.

Tuweke mezani maelezo matatu. La kwanza, alimhurumia. La pili, alishtuka, akajihami, halafu akachunguza kitu kilichoanguka, kama tembo wanavyochunguza mambo mengi. La tatu, alikuwa anapima kama aendelee au aache. Kutokana na tukio moja, lililosimuliwa na mtu mwenye maumivu makali, huwezi kuchagua kati ya hayo. Na kumbuka: ni mtu yule yule mwenye uzoefu wa miongo aliyekuwa ameshindwa kumtambua tembo aliyemlea. Uzoefu ni mali, ila si kipimo.

Lakini msikimbilie kucheka. Kwa miaka mingi wanasayansi walikataa hata kuuliza kama tembo hufarijiana. Ilipoulizwa kwa utaratibu, mwaka 2014, Joshua Plotnik na Frans de Waal walionyesha kwamba tembo wa Asia kule Thailand humwendea mwenzao aliyeshtuka, wakamgusa kwa mkonga na kutoa sauti za kutuliza. Daphne alikuwa amesema mambo ya namna hiyo muda mrefu kabla, bila takwimu. Kwa hiyo mimi namsoma kama chanzo kizuri cha maswali. Anaposema "tembo anahisi hivi," andika pembeni ya ukurasa: tungepimaje?

Ukame wa 1970

Sehemu ninayopingana nayo zaidi ni ya ukame. Miaka ya 1960 Tsavo ilikuwa na makumi ya maelfu ya tembo, na miti ilikuwa inaangushwa hadi pori linageuka nyasi. Mwanasayansi Richard Laws, aliyeongoza utafiti pale, alipendekeza tembo wapunguzwe kwa maelfu. David Sheldrick akakataa: acheni maumbile yafanye kazi yake. Laws aliondoka mwaka 1968. Mwaka 1970 na 1971 mvua ikagoma, na tembo wapatao 6,000 wakafa, na wapo waliokadiria zaidi. Wengi walikuwa majike na watoto, kwa sababu jike mwenye ndama hawezi kwenda mbali na maji, na karibu na maji malisho yalikuwa yameisha.

Kwenye kitabu, historia ikawapa ushindi akina Sheldrick: maumbile yalijisawazisha, miti ikarudi. Msomaji wetu, hapo simama. Miti ilirudi, kweli. Lakini muda mfupi baada ya ukame ikaja balaa nyingine: ujangili wa pembe wa miaka ya 1970 na 1980, uliowafyeka tembo wa Tsavo vibaya sana. Utajuaje kama miti ilirudi kwa sababu ya ukame au kwa sababu ya bunduki? Hakuna Tsavo ya pili ya kulinganisha. Jaribio lilivurugika katikati, na hakuna upande unaoweza kudai kombe. Mwalimu akikupa kitabu hiki kufundishia ikolojia, hapo ndipo pa kufundishia maana ya visababishi vilivyochanganyika.

Na kuna yatima ndani ya hesabu hiyo. Kila jike aliyekufa, kwa ukame au kwa risasi, aliacha ndama. Waliofika kwenye zizi la nyumba ya Voi, na baadaye Nairobi, walikuwa wachache mno kati ya waliobaki porini wakilia. Kulea yatima ni kuzoa maji huku bomba linavuja. Kazi ni ya heshima, ila bomba lenyewe linafungwa kwingine: kwenye soko la pembe, kwenye maji, kwenye ardhi.

Watu wasiosikika

Mwisho, watu. Walezi wa Kiafrika wapo kitabuni, wanatajwa na kushukuriwa. Lakini fikiria ni nani anayelala kwenye majani na ndama, anayeamka kila saa tatu, anayejua kwamba huyu leo masikio yake yamelala kuliko jana. Baada ya Aisha, ujuzi wote wa malezi ulihamia mikononi mwa wanaume hawa. Wao nao wana watoto nyumbani, wanaokua na baba anayelala na tembo. Hiyo pia ni familia inayolea wanyama yatima. Kitabu cha mtoto wa mlezi kikiandikwa siku moja, kwa Kikamba au Kiswahili, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kuna na Wawaata, ambao vitabu vya zamani vinawaita Waliangulu, wawindaji wa tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu katika nchi ile ile iliyogeuzwa hifadhi. Miaka ya 1950 David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza operesheni iliyowakamata kwa wingi na kuwafunga. Kwa mhifadhi huo ulikuwa ushindi, na kitabu kinasimulia kutoka upande huo. Lakini mtu akifungwa kwa kazi iliyomlisha babu yake, na watoto wake wanabaki bila mlezi. Kitabu chenye huruma kubwa hivi kwa watoto walioachwa kingeweza kuuliza habari za hao.

Sisemi hivi ili kumfuta Daphne Sheldrick. Nasema kwa sababu ni swali la sayansi pia. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake walionyesha kwamba tembo wa Amboseli hutofautisha sauti ya mwanamume wa Kimaasai na ya Mkamba, na kwamba huiogopa zaidi ile ya Mmaasai, kwa kuwa wao ndio wenye historia ya kuwachoma mikuki. Tembo wanajua binadamu hawafanani. Ndama aliyekuzwa na watu wapole tangu utotoni anajifunza nini kuhusu watu wengine, wenye shamba la mahindi na hasira? Atamtambuaje wa kumkimbia? Swali hilo halijibiwi na mtu wa ndani ya hifadhi peke yake. Linahitaji mwenye shamba, mlezi, na mzee wa Kiwaata aliyejua njia za tembo kabla hapajawekwa alama ya hifadhi.

Kwa hiyo, yule mtoto wa swala?

Kisome kitabu hiki. Kisome kwa Aisha, kwa Eleanor na kwa maziwa ya nazi. Ukifika kwenye ukame, soma na kalamu mkononi. Ukifika kwenye hisia za tembo, geuza kila sentensi iwe swali. Kama unafundisha sekondari, sura ya Aisha pekee inatosha vipindi viwili vya biolojia.

Na ukimkuta mtoto wa swala au digidigi amejilaza peke yake kwenye nyasi, mwache. Mara nyingi hajaachwa. Mama zao huwaficha na kwenda kulisha, kisha hurudi kuwanyonyesha. Ukimbeba, wewe ndiye uliyemfanya yatima. Kama kweli mama amekufa na umemwona, toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali. Hata ungekuwa na kibali, jiulize maswali yaliyomgharimu Aisha maisha: nani atashika zamu siku ukienda harusini? Wenzake wa rika wako wapi? Na nani mkubwa wa aina yake atakayemfundisha kuondoka?

Ukikosa jibu la hata moja, umeshajijibu.